Siku Plau Ilipokosa Breki

Kambi ya Reli,
Zambia.

Kwa Baba yangu, nyumbani Mbuji.

Shikamoo Baba. Nakuamkia kutoka mbali, na kupitia kwako namwamkia Mama. Kwanza nataka kujua mmeamkaje. Goti la Mama linaendeleaje tangu baridi ianze? Na wewe, kile kifua bado kinakubana unapopanda kutoka bondeni? Mimi mwili wangu ni mzima, sikuumia popote. Nalisema hili mapema ili usome yanayofuata ukiwa umekaa.

Najua umeshangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Kwenye simu tunaulizana mvua, kahawa na afya, halafu unampa Mama. Tangu ulipomrudisha mshenga wa Elia sijalitaja jina lake masikioni mwako, nawe hujaniuliza. Nimeona niandike, maana ukikasirika unaweza kuiweka barua mezani, ukatoka kwenda kuangalia mibuni, ukarudi ukaisoma iliyobaki. Nitampa dereva wa lori anayepita Tunduma kwenda Songea. Ataikabidhi kwa Kaka Ladislaus dukani kwake, naye ataileta.

Habari za huku si njema, Baba. Mzee Zakaria, yule fundi wa Tukuyu niliyewahi kuwasimulia kwamba ananiita mwanangu, amefariki. Na Elia amekatwa mguu.

Nitaeleza yote kwa utaratibu. Hujawahi kuiona kazi yangu, na bila kuielewa hutaelewa kilichotokea.

Mashine ninayoendesha inaitwa tampa. Haivutwi na kichwa cha treni. Inajiendesha yenyewe juu ya reli kwa injini yake, ndefu kama basi, rangi ya njano iliyopauka kwa jua. Tumboni ina vyuma mfano wa vidole vinavyoshuka pande zote mbili za taruma, yaani lile gogo linalobeba reli, vinatetemeka, vinabana kokoto chini yake mpaka reli inyanyuke na kukaa sawa. Ni kama wewe unavyokandamiza udongo kwa miguu kuuzunguka mche wa kahawa, ila huku ni taruma baada ya taruma, kutwa nzima, kwa kelele inayobaki masikioni hata ukishalala. Nyuma yangu hufuata mashine ya pili, nayo inajiendesha. Hiyo ina mabawa ya chuma yanayokusanya kokoto zilizotawanyika na kuzipanga pembeni mwa reli. Sisi tunaiita Plau. Elia ndiye alikuwa dereva wa Plau.

Nasikia hapo nyumbani watu husema kwamba mimi na Elia tulipangana kuja huku. Si kweli. Niliajiriwa mimi kwanza, na alipofika kambini sikumjua. Nilikuwa nimekaa muda mrefu bila mtu wa kuzungumza naye. Lugha ya sokoni hapa sikuwa naifahamu, na Kimatengo changu kilikuwa hakinisaidii hata kununua chumvi. Yeye Kinyasa cha kwao Liuli kinakaribiana na wanachosema huku, basi siku ya kwanza tu alisimama sokoni akapiga soga na wauza dagaa kama yuko kwao. Nilimwomba aniulizie bei ya maharage. Tangu hapo tukawa tunakwenda sokoni pamoja. Hivyo ndivyo ilivyoanza, Baba, kwa maharage.

Ulipomrudisha mshenga wake ulisema nyumba moja haikai na makanisa mawili, na kwamba watu wa ziwani hawana shamba, mali yao inaogelea. Shangazi Filomena aliniletea maneno hayo jinsi yalivyo. Sikukujibu, na leo pia sijibu. Nilitaka tu ujue kwamba Elia alipoyasikia hakukutukana. Alisema, "Mzee ana haki ya kuogopa, hanijui." Akaendelea na kazi yake.

Mvua za mwaka huu zilifukua tuta la reli sehemu nyingi. Unajua mwenyewe maji yanavyoufanya mteremko usiochimbwa yale mashimo yetu ya ngoro. Tulikuta mahali reli inaning'inia, mataruma yameshikilia hewa. Tukaambiwa tufanye haraka kabla treni za mizigo hazijaongezwa. Tunaishi ndani ya behewa lililoegeshwa stesheni, asubuhi tunapanda mlima na mashine, jioni tunashuka. Kazi yenyewe inafanyika katikati ya treni na treni. Treni ikikaribia, sharti mashine zote zirudi stesheni, ziingie njia ya pembeni, ziipishe.

Asubuhi ya siku ile tulikuwa tunakunywa chai nje ya behewa. Elia alimwendea msimamizi mbele yetu sote.

"Bosi, breki ya Plau imelegea. Jana nimekanyaga ikachelewa kushika."

"Mafundi wanatoka mjini kesho," msimamizi akasema. "Leo tumalize ile kona ya juu. Mtarudi polepole."

"Polepole kwenye mteremko ule?"

"Elia, na mimi nina wakubwa wangu."

Mzee Zakaria aliinuka. Aliweka kikombe chini, akachukua spana zake, akalala chini ya Plau kwa muda mrefu. Alipotoka alikuwa na mafuta mashavuni. Akamwambia Elia, "Nimekaza kinachokazika. Lakini leo nitapanda na wewe, nikae kwenye breki ya mkono." Kazi yake ilikuwa karakana, Baba. Hakuna aliyemtuma kupanda mlima siku ile.

Tulifanya kazi vizuri. Jua lilipoanza kuinama redio ikatuita: treni ya abiria imefika stesheni ya chini, inasubiri tutoke njiani. Tukainua vyuma, tukafunga kila kitu, tukaanza kushuka, mimi mbele na tampa, wao nyuma na Plau. Ndani ya tampa nilikuwa na Chanda, msaidizi wangu, mtu mzima wa hapa hapa Zambia, mwenye watoto, aliyejifunza Kiswahili Tunduma. Ananiita Sista.

Hatukuwa tumeenda mbali niliposikia honi. Sisi madereva tuna honi ya kuomba njia na honi ya salamu. Hii haikuwa moja ya hizo. Ilikuwa honi moja ndefu isiyokatika. Nikatazama kwenye kioo. Plau ilikuwa inatoka kwenye kona ya juu kwa mwendo ambao sijawahi kuona mashine ile ikienda.

Chanda aliona pia. Akasema, "Sista, Plau haina breki. Simamisha, turuke."

Baba, nilitaka kusimamisha. Mkono ulikuwa tayari kwenye breki. Halafu nikawaza stesheni. Treni ya abiria ilikuwa imesimama pale na wanawake wakiuza mahindi na karanga madirishani, kama wanavyofanya kila jioni. Tungeruka, Plau ingeigonga tampa, na vyuma vyote viwili vingeteremka hadi pale bila mtu wa kuvizuia.

Nikamwambia Chanda, "Nikisimama hapa tumewaua wa chini. Waite kwenye redio, waambie watu washuke kwenye treni. Mimi namkimbia kwanza, halafu nampokea."

"Unampokea vipi?"

"Kwa mgongo."

Nikaachia breki, nikaongeza mafuta. Maana yake, Baba, ni hii: kitu kinachokuja kwa kasi ukikingoja umesimama kinakuvunja, lakini ukikimbia nacho upande mmoja, kikakufikia taratibu, mnaweza kushikana na kusimama pamoja. Hakuna aliyenifundisha kufanya hivyo na reli. Nilikumbuka tu jinsi wewe na Kaka mlivyolishika lile toroli la mawe lililowaponyoka wakati wa ujenzi wa kanisa.

Tampa ilianza kuyumba. Makopo ya mafuta yalikuwa yanagongana nyuma yetu, Chanda anapiga kelele redioni kwa lugha yake. Kwenye kona ya chini nilimwona Mzee Zakaria mlangoni mwa Plau. Akaruka. Nilimwona akianguka upande wa mawe, na kona ikamficha. Elia aliniambia baadaye kwamba usukani wa breki ya mkono ulikuwa umekatika mikononi mwa Mzee, na ni yeye Elia aliyemwambia aruke ajiokoe. Yeye mwenyewe alibaki, mguu kwenye breki isiyoshika na mkono kwenye honi.

Tulipofika sehemu ya tambarare kabla ya stesheni, Plau ilitufikia. Nilikuwa bado sijapata mwendo wa kutosha. Kishindo cha kwanza kilinitupa kwenye kioo, cha pili kilikuwa kidogo, kisha nikahisi uzito wake wote umenilalia mgongoni. Ndipo nikaanza kubana breki, kidogo kidogo, nikiogopa magurudumu yasiteleze. Moshi ulijaa mpaka sikuiona njia. Tulisimama karibu na stesheni kiasi kwamba niliwaona watu wakikimbia na mabeseni kichwani.

Hakuna abiria aliyeumia, wala muuza karanga. Nakuambia ili ulijue na hilo.

Nilishuka nikaenda nyuma. Uso wa Plau ulikuwa umeingia ndani kama debe lililokanyagwa, na Elia alikuwa humo. Mguu wake wa kulia ulikuwa umebanwa chini ya meza ya uendeshaji. Macho yake yalikuwa wazi. Akaniuliza, "Umepona?" Nikamwambia nimepona. Muda ulipopita akauliza, "Mzee je?" Niligeuka kutazama njia ya juu, nikamwona Chanda, aliyekuwa amekwenda kumtafuta, anarudi amevua kofia.

Walitumia misumeno ya chuma kumtoa Elia. Hospitalini muuguzi alinizuia mlangoni.

"Wewe ni nani yake?"

"Nafanya naye kazi."

"Basi subiri kwenye benchi."

Nilikaa kwenye benchi lile mpaka nikajua kila ufa wa ukuta uliokuwa mbele yangu. Pale pale nikasikia watu wawili wanapita wakisema yule wa reli amekatwa juu ya goti. Hakuna aliyekuja kuniambia mimi, kwa kuwa mimi sikuwa mtu wake. Mdogo wake, Samweli, alisafirishwa kutoka Liuli, na alipofika aliingia moja kwa moja. Sina kinyongo naye. Ni yeye aliyetoka akanishika mkono akasema, "Dada, njoo, anakuulizia."

Elia alikuwa mwembamba kama aliyeugua mwaka mzima. Tulizungumza kidogo. Nikamwambia kuhusu Mzee Zakaria, akageuza uso ukutani. Baadaye akasema, "Gaudensia, rudi kwenu Mbuji uolewe na mtu mwenye miguu miwili. Baba yako alikuwa na haki."

Nikamwambia, "Baba hakuukataa mguu wako. Alilikataa kanisa lako."

Alicheka, Baba. Alicheka kidogo, kisha akaanza kulia, na mimi nikashindwa kukaa mle ndani.

Mzee Zakaria alisafirishwa kwao Tukuyu. Wachache tu waliruhusiwa kumsindikiza, mimi sikuwamo. Viatu vyake vya kazi bado viko chini ya ngazi ya behewa, hakuna anayethubutu kuviondoa. Wakubwa walikuja wakatuuliza maswali, tukajibu, mimi nikasema yale ya asubuhi pale kwenye chai, na Chanda akasema hivyo hivyo. Msimamizi amehamishwa. Zaidi ya hapo hatujaambiwa kitu. Elia walimpa gari la kumrudisha hadi Liuli. Niliomba nimsindikize, nikaulizwa lile lile: wewe ni nani yake?

Kuna jambo linalonila, nami sina wa kumwambia isipokuwa wewe. Mguu wa Elia haukuvunjika mlimani. Ulivunjika pale nilipompokea. Kama ningekuwa na mwendo zaidi kidogo, kama ningeongeza mafuta mapema badala ya kubishana na Chanda, pengine kile kishindo cha kwanza kisingekuwepo. Kila mtu hapa ananiambia niliokoa watu. Najua. Lakini ninapofumba macho sioni watu wale, namwona yeye chini ya meza ya uendeshaji. Nilimwambia Elia mwenyewe hivyo. Akasema, "Ungeniacha nipite ningekuwa nimekufa, pamoja na wauza mahindi." Kisha akafumba macho, na sikujua kama kulikuwa kusamehe au kuchoka.

Imeletwa Plau nyingine na dereva mwingine, mtu mpole tu, sina ubaya naye. Mimi bado ni dereva wa tampa. Kazi ya juu ya mlima haijaisha na mkataba wangu unakwenda hadi mwisho wa kiangazi. Tunaposhuka jioni natazama zaidi kioo cha nyuma kuliko reli iliyo mbele. Chanda hunikumbusha, "Sista, mbele." Chakula hakinipiti vizuri. Sisemi haya ili Mama alie, na ukiona inafaa, usimsomee sehemu hii.

Elia hapokei simu. Anapokea mama yake, mwanamke nisiyemjua kwa sura. Hunisalimia vizuri, huniita binti. Anasema mwanawe anakaa kutwa nzima mlangoni, hataki kushuka ufukweni, na wavuvi wenzake wa zamani wakija kumtazama huwaambia waende, upepo utawakuta. Juzi mama huyo aliniuliza kwa upole, "Binti, kwenu wamesikia?" Nikasema bado. Akasema, "Haya," basi.

Hilo "haya" ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Baba, siombi ubadili neno lako kuhusu ndoa. Mimi nimeshaamua moyoni, na mkataba ukiisha nitakuja nyumbani, nitapiga magoti mbele yako na Mama, nitasema nilichoamua, nawe utasema utakachosema. Hilo tutalizungumza uso kwa uso. Elia mwenyewe hajanikubali, ananifukuza, kwa hiyo huenda nikakataliwa pande zote mbili. Nitalijua nikifika.

Ninachoomba sasa ni kingine. Kwetu mtu akiumia tunakwenda kumpa pole, hata kama tuligombana mpaka wa shamba. Ulinifundisha wewe, siku ulipokwenda kwa yule jirani wa Namswea aliyekuita mwizi. Kumpa mgonjwa pole si kupokea posa. Nakuomba uende Liuli. Gari linashuka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, na hapo utapata la kwenda Liuli. Usichukue kitu kikubwa, mkungu wa ndizi na kahawa kidogo ya kwetu vinatosha. Nenda kabla kazi ya kukoboa haijakubana.

Elia angeweza kuruka, Baba. Alikuwa kijana na mlango ulikuwa wazi, na alimruhusu Mzee atangulie. Alibaki kupiga honi. Bila honi ile ningekuwa nashuka mwendo wangu wa pole, natazama mbele, nikiwaza mboga ya jioni, na Plau ingenikuta hivyo hivyo. Barua hii ungeletewa na mtu mwingine, imeandikwa na ofisi.

Ukifika, usiseme kwamba nimekutuma. Usitaje posa wala kanisa. Watakukaribisha ndani na watakuuliza wewe ni nani. Mwambie yule mama, wewe ni baba wa aliyekuwa mbele.

Nisalimie Mama sana, mwambie ajitande kanga nzito asubuhi na asiende kisimani mapema. Nisalimie Shangazi Filomena, mwambie sina hasira naye, alileta maneno jinsi alivyotumwa. Nisalimie Kaka Ladislaus na wifi, na yule mtoto wao mchanga ambaye bado sijambeba. Katekista naye nisalimie, umwombe amtaje Mzee Zakaria katika sala za Jumapili. Alikuwa Mmoravia, lakini sidhani kama Mungu atauliza.

Basi Baba, karatasi inaisha na redio imeanza kutuita. Mungu akulindie kifua hicho, na akupe siku njema ya kusafiri.

Ni mimi mwanao,
Gaudensia